Alinipeleka Qurum Kusikiliza Kantri

Sifa njema ni zake Mola aliyenipa umri wa kuwaona wajukuu zangu, akanipa na subira ya kuyabeba yanayokuja pamoja na umri huo. Hafichiki kwake neno lililosemwa kwa sauti ya chini, wala chozi la mtoto aliyejifungia chumbani halimpotei. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu, aliyetufundisha kuwa vikao ni amana. Kwa jina Lake naanza, na kwa idhini Yake nasema lililonifika.

Nnakaa Ansab, huku Oman, katika nyumba ya mwanangu wa kiume, pamoja na mjukuu wangu wa kike niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mama yake, binti yangu, alikufa kwa ajali ya gari katika barabara ya Sohar, mtoto akiwa hajaanza skuli. Leo ni mwanamke kamili, anapima watu macho hospitali, lakini akirudi kazini hukaa juu ya zulia akaegemea magoti yangu kama zamani. Nikisema hapa "mtoto", ni yeye.

Kabla ya baridi kuingia walikuja watu kumposa. Kijana alikuwa wa ukoo tunaoujua, watu wa asili ya Unguja kama sisi, na mama yake ni mtu wa haya na maneno machache. Walikuja na tende na halua, wakala katlesi zangu, na kijana na mtoto wakaachwa ukumbini wazungumze, huku sisi jikoni tukizisikia sauti zao bila ya kusikia wanachosema. Wakacheka mara mbili tatu. Mama wa kijana akanitazama, nami nikamtazama, tukaendelea kupakua.

Katika desturi yetu, baada ya siku kama ile watu huanza kuulizia. Mtu wa upande wao humwendea jirani, au mwalimu, au shoga wa nyumba, akamuuliza: binti huyu vipi? Na sisi huku tunaulizia ya kijana. Hapana ubaya, ndiyo njia waliyopita mama zetu. Posa ikikubaliwa, simu hulia. Isipokubaliwa, hutumwa mtu mwenye ulimi laini aje aseme nasibu haikuandikwa. Hii yetu haikuwa hivyo wala hivyo. Ilinyamaza. Mtu hakuja, simu haikulia, na mtoto akawa akirudi kazini anapitiliza chumbani kwake.

Nilijua kwamba mtu kasema neno. Na neno lenyewe nililijua, maana nyumba yetu ilikuwa nalo moja tu la kusemwa. Mtoto alipokuwa katika madarasa ya chini alikuwa akianguka kifafa. Daktari alimpa dawa, akazinywa miaka, hali ikatulia, na kabla hajamaliza skuli dawa zenyewe zilisimamishwa. Hakuanguka tena, alhamdulillah. Hatukukusudia kumficha mchumba. Niliona tu kwamba siri ya mwili wake ni yake, atamwambia mwenyewe kabla ya milka, yaani akidi ya ndoa, kufungwa. Nje ya nyumba yetu alijua mtu mmoja.

Mtu huyo ni shoga yangu. Siku moja mimi nikiwa nje, mtoto alianguka jikoni kwake. Alimlaza ubavu, akakaa naye sakafuni mpaka akazinduka, akamuogesha, akamfulia nguo zake na kuzipiga pasi kabla sijafika. Hivyo ndivyo alivyojua. Alijua kwa wema wake.

Mimi na yeye tulianza kazi pamoja tukiwa wasichana, tumerudi Oman na Kiingereza chetu cha skuli za Unguja, tukawekwa ofisi moja kupiga taipu. Mkubwa wetu alikuwa Mmarekani mrefu aliyekuwa akiweka kaseti za muziki wa kantri kutwa nzima. Mie zilinipita masikioni. Shoga yangu zilimuingia damuni. Alikuwa akipiga taipu huku anaimba, na sauti yake Mungu hakumpa, tena maneno yenyewe nusu hayajui. Baadaye mimi nilikwenda kusoma dini, nikasoma miaka mingi kwa wanawake wenye elimu, na sasa nnasomesha darasa la akina mama sebuleni kwangu baada ya Alasiri. Yeye hakuacha kantri yake, na hakuacha darasa langu pia. Alikuwa akikaa karibu yangu na kuwatilia watu kahawa.

Ile miezi ya posa kunyamaza, yeye ndiye niliyemlilia. Alikuwa akinishika mkono na kusema, "Yamwachie Mungu, shoga. Atakayesema ovu juu ya yatima litamrudi."

Basi siku moja akaja na habari.

"Shoga, Wazungu wa kantri wanakuja Qurum."

"Waje kwa salama."

"Twende."

"Mie niende wapi? Watu watasema maalim kazeeka kavaa kofia ya mchunga ng'ombe."

"Kofia sikuvishi. Nitakuvisha raha kidogo, maana tangu ile posa uso wako umekuwa kama chapati iliyolala."

Muziki una maneno yake kwa wanazuoni, na mimi si wa kumtolea mtu fatwa katika kurasa hizi. Nafsi yangu hujiweka kando nao. Nikamwambia siendi pahala penye ulevi, wala siachi sala kwa ajili ya gitaa. Majibu yote alikuwa nayo tayari. Ni onyesho la familia, kwenye majani, katika bustani ya hoteli. Linaanza baada ya Alasiri, linasimama kwa Magharibi. Yeye keshachukua chumba cha siku mbili, tutakaa kama tulivyokuwa tukikaa zamani, tutazungumza mpaka tuchoke.

Aliyenisukuma hasa ni mtoto.

"Nenda, Bibi. Ukibaki hapa utanitazama tu."

"Sikutazami."

"Unanitazama, Bibi. Hata nikinywa maji unanitazama."

Tukaondoka Alkhamisi. Mwanangu alipotuona na masanduku mlangoni alicheka. "Mama, mnasafiri kwenda Qurum? Ningekufikisheni nikarudi chai haijapoa."

"Safari ni nia, mwanangu," shoga yangu akamjibu, "si kilomita." Kisha akanigeukia. "Maalim, sala tunafupisha?"

"Kwa Qurum? Fupisha maneno yako."

Anaendesha gari mwenyewe mpaka leo, vizuri kuliko wajukuu zake. Tulipita kwanza Ghala kwa fundi, maana kiyoyozi cha gari kilikuwa kinapuliza hewa ya tanuri. Tulikaa katika kijiofisi cha gereji, feni inatugeuzia shingo, na alininunulia maji, akaninunulia juisi, akatoka tena akarudi na korosho. Nikamwambia, "Leo umekuwa mkarimu hivyo, kulikoni?" Akasema, "Kula tu." Nilidhani ni furaha ya safari.

Hotelini alinipa kitanda cha upande wa dirisha. Alikuja na vitumbua vyake na sambusa katika kopo, na usiku, baada ya Isha, alinikanda magoti kwa mafuta ya karafuu. Nilimuombea kheri kwa sauti, na yeye akaitikia amina.

Asubuhi ya Ijumaa tulikunywa chai barazani, bahari iko mbele yetu, watu wanatembeza mbwa ufukweni. Akaniuliza suala, kama anavyouliza darasani.

"Maalim, mtu akija kuulizwa juu ya posa, akasema anachokijua, ana dhambi?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi yeyote. Nikamwambia wanazuoni wameruhusu, kwa sababu aliyetakwa shauri ni mwenye kuaminiwa, hafai kudanganya. Lakini kuna mpaka. Ikiwa inatosha kusema "mtu huyu hakufaeni", basi ataishia hapo, hatafunua zaidi. Na asiwe na haja yake binafsi ndani ya neno lile.

"Na akiwa alichosema ni kweli?"

"Kweli ndiyo inayoitwa kusengenya," nikamwambia. "Uongo una jina lake jingine, na adhabu yake nyingine."

Akaitazama bahari. Kisha akaniuliza kama nnataka chai zaidi.

Baada ya Alasiri tukateremka bustanini. Viti vilipangwa juu ya majani, Wazungu wengi, Wahindi na familia zao, na vijana wetu wa Kiomani waliovaa kanzu safi na juu yake, badala ya kofia za kutarizi, makofia mapana ya Kimarekani. Nilicheka peke yangu. Mwimbaji alikuwa mzee mnene mwenye ndevu nyeupe. Nyuma yake alikaa mtu na gitaa linalolazwa mapajani, analivuta kwa kipande cha chuma hata linalia kama binadamu. Sitasema uongo mbele ya Mungu, lilinigusa. Mzee aliimba habari ya mama aliyebaki katika nyumba ambayo watoto wote wamehama, na mimi nnaijua nyumba kama hiyo. Shoga yangu alikuwa anaimba naye, nusu maneno, nusu kuguna, na Mzungu wa kiti cha mbele akageuka kumtazama kwa huruma.

Wimbo ulipokwisha watu wakasimama kupiga makofi, kisha wakakaa, na walipokaa nikaona vizuri watu wa safu za mbele.

Nilimuona mama wa kijana. Upande wake wa kushoto alikuwa kijana mwenyewe. Upande wa kulia alikaa mjukuu wa shoga yangu, msichana ninayemjua tangu kuzaliwa. Upepo wa bahari ulikuwa unamvua mtandio, na yule mama akanyoosha mkono, akamrudishia mtandio kichwani, akaubana vizuri chini ya kidevu, taratibu, kama mtu anayefunika chakula chake. Mikono ya msichana ilikuwa na hina mpya mpaka viwikoni.

Kwetu sisi mama wa kijana hagusi kichwa cha msichana wa watu mbele ya hadhara mpaka maneno yamekwisha. Sikuhitaji kuambiwa.

Shoga yangu akanishika mkono. "Shoga, nilitaka nikwambie mwenyewe. Nimekuwa nikitafuta namna."

"Milka lini?"

"Wiki ijayo. Nilikuwa nikwambie jana, nikashindwa. Leo asubuhi nikashindwa."

"Na ukajua kuwa watakuwepo hapa."

"Nilisema bora uone palipo na watu. Wewe ni mtu wa staha. Hutapiga kelele."

Nimekwishasikia maneno mengi mazito katika umri wangu, lakini sijui kama nimesikia zito kuliko hilo. Alikuwa ameichukua heshima yangu, kitu nilichokilea kwa sala na saumu, akaifanya kamba ya kunifungia mdomo. Bustani ile yote, na viti, na Wamarekani wale, vilikuwa ni kwa ajili hiyo.

Mwimbaji akaanza mwengine, wa haraka, watu wakapiga makofi kwa pamoja. Ikabidi tusogezeane masikio.

"Walikuuliza wewe?" nikamuuliza.

"Walikuja kwangu. Mama yake alikuja. Nifanyeje, nidanganye? Wewe mwenyewe ulitusomesha."

"Ukawaambia kifafa."

"Nikawaambia alikuwa nacho utotoni. Kweli tupu, wallahi, si uongo."

"Kisha ukampa wako."

"Sikumpa. Waliuliza kama nna binti." Akanisogelea zaidi. "Wako mzuri, shoga. Wako atapata mwengine, na mwengine. Wangu keshapitwa na posa mbili, wenzake wote wana watoto. Mie nilikuwa nafanyaje?"

Nilikuwa nafikiri juu ya asubuhi. Alinikalisha mbele ya bahari, akanitilia chai, akachukua kwangu fatwa ya jambo alilonitendea mimi, juu ya damu yangu, na mimi nikampa kwa moyo mweupe, na mipaka yake yote. Na mwisho wa darasa alinikaribisha kikombe cha pili.

Adhana ikasikika kutoka msikiti wa karibu, na muziki ukasimama kama shoga yangu alivyoahidi. Kulikuwa na chumba cha kusalia wanawake nyuma ya ukumbi, kidogo, kina zulia na kabati la mitandio. Tulikuwa sisi wawili tu. Mwanamke akimsalisha mwenzake hatangulii mbele, husimama naye safu moja. Akaja akasimama kuliani kwangu kama alivyozoea, anangoja nianze. Nilitamani kumwambia asali peke yake. Lakini sala si yangu hata nimnyime mtu. Nikatoa takbiri, bega lake liko kwenye bega langu, nnalisikia linatikisika. Mpaka leo sikumbuki nilisoma sura gani.

Tulipotoa salamu nikamwambia, "Nirudishe kwangu."

"Chumba chetu mpaka kesho."

"Nirudishe kwangu, au nimpigie mwanangu."

Alinirudisha. Njiani taa za barabarani zilikuwa zinampitia usoni na nikaona analia. Moyo wangu, uliokwishamzoea, ulitaka kumpa kitambaa. Nikauzuia. Tulipofika Ansab nikateremka na mkoba wa mkononi tu, sanduku limebaki hotelini.

Mtoto alikuwa ukumbini anapiga nguo pasi. Aliniona, akazima pasi.

"Mbona umerudi, Bibi? Umeumwa?"

Nikamkalisha nikamwambia yote, sikuficha, maana jambo lilikuwa lake kabla ya kuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji atalia kwa habari ya hina. Hakulia. Alikunja uso kama anayesoma herufi ndogo.

"Kasema alisema kifafa tu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Bibi, kijana alikuwa anajua. Mie nilimwambia siku ile ile, nyinyi mkiwa jikoni. Akaniambia shangazi yake naye alikuwa nacho utotoni, kikaondoka. Akacheka, akasema basi tutakuwa tunaelewana. Na akasema atamwambia mama yake mwenyewe. Akamwambia, na mama yake hakujali."

"Sasa kilichowarudisha nyuma ni nini?"

Akajiinamia. "Baadaye aliniandikia mara moja tu. Akasema mama yake kaambiwa na mtu wa kuaminika kwamba hili letu ni la ukoo, halitoki. Kwamba mama yangu kafa nalo. Kwamba ajali tumeitunga ili tufiche. Sikukwambia, Bibi. Nilidhani ni watu wa hospitali. Sikutaka uende ukamtafute mtu, ukagombane kwa ajili ya mama."

Nilikaa pale nikiwa na vidole vyangu kwenye nywele zake. Binti yangu alipoletwa kutoka barabara ya Sohar, mimi sikuweza kumuosha. Aliyeingia kumuosha, akatoka na mikono mitupu na macho mekundu, akanikumbatia akaniambia, "Nimemtengeneza vizuri, shoga, kalala vizuri," alikuwa ni huyu shoga yangu. Hakuna mtu katika mji huu anayejua kuliko yeye kile kilichomuua binti yangu. Alikiona kwa macho yake, akakipitishia maji.

Muosha maiti anafungwa na sitara. Alichokiona hakisemi, hata kiwe kweli. Yeye alikiona cha kweli akasema cha uongo.

Jumamosi akaja na sanduku langu. Nilimfungulia mwenyewe. Alikuwa amevaa buibui la darasani, na naamini alikuja akitaraji kwamba usiku umenilainisha, maana ananijua.

"Nimekuletea vitu vyako. Shoga, nisamehe. Nimekosa kukuficha."

"Uliwaambia binti yangu kafa kwa nini?"

Sanduku lilikuwa mkononi mwake, hakuliweka chini.

"Waliona kifafa ni jambo dogo," akasema taratibu. "Nilipowaambia kile hawakurudi nyuma. Nikaongeza. Ulimi ulinitoka, shoga. Neno lilitoka, sikuweza kulirudisha."

"Ulimuosha wewe."

"Nnajua."

"Ulimuosha wewe, ukaniambia kalala vizuri."

Akakaa kwenye kizingiti na buibui lake. Alisema nisamehe, nisamehe, nisamehe. Nilingoja amalize.

"Langu mimi," nikamwambia, "nitamuomba Mungu anisaidie nilisamehe, na itachukua muda. Lakini la mtoto silo langu, siwezi kulitoa. Yuko ndani. Ingia umuombe. Na la marehemu lina mlango mmoja tu: nenda kwa yule mama uliyemwambia, umwambie ulisema uongo."

"Nikienda kusema hivyo milka itavunjika."

"Huenda. Huenda isivunjike."

"Atanifanyia nini mjukuu wangu, akijua?"

"Sijui. Mie wangu alijua, akakaa akapiga nguo pasi."

Kutoka jikoni tulikuwa tunamsikia mtoto anaosha vyombo. Shoga yangu alitazama upande ule. Niliona anasimama, nikasogea kumpa njia. Alipiga hatua moja ndani. Kisha akatazama funguo za gari alizozishika.

"Siwezi leo," akasema. "Niache leo. Nitakuja."

Nilimwambia mlango haufungwi. Akaenda.

Milka ilifungwa wiki iliyofuata. Kadi ilikuja, nzuri, ya rangi ya dhahabu. Sikwenda, na sikumzuia mwanangu kwenda. Akina mama wa darasa waliniuliza mwenzangu yuko wapi, mbona kahawa inatiliwa na mwengine. Nikawaambia ana shughuli za harusi. Baada ya harusi wakaniuliza tena, nikawaambia ana shughuli. Mmoja wao ana binti aliyeposwa, akataka niwasomeshe mlango ule wa kuulizia, nini kisemwe na nini kisisemwe. Niliusomesha wote, kama nilivyousomesha miaka yote, na sikumtaja mtu.

Ndiyo sababu hata hapa sikuandika jina la mtu yeyote. Aliyevunja amana yangu bado ana amana yake kwangu. Yako mambo yake ya miaka mingi ninayoyajua, nitaingia nayo kaburini inshallah. Hilo si wema wangu, ni deni la kila aliyewahi kuambiwa siri.

Nnamshukuru Mungu, na nnajua sababu za kumshukuru. Kijana anayegeuzwa na neno la mtu wa tatu, angekuja kugeuzwa na neno la mtu wa nne. Mtoto amerudi kukaa kwenye zulia. Anacheka tena, ingawa si kila siku. Haya yote nnayaona na nnayasemea alhamdulillah. Liko moja tu ambalo shukurani yangu bado haijalifikia. Ni ile miaka. Mafuta ya karafuu kwenye magoti yangu, nguo za mtoto zilizopigwa pasi, mkono wake juu ya mkono wangu nikilia: nikiyakumbuka sasa nnayageuza, nnatazama upande wa pili, nnatafuta tarehe iliyoanza kuwa uongo. Siioni. Huenda yote yalikuwa ya kweli mpaka siku mama wa kijana alipogonga mlango wake, na huenda hapana. Posa mtoto atapata nyingine. Mimi shoga wa ujana sipati mwengine, na hata yule niliyekuwa naye nimenyang'anywa, mpaka katika miaka iliyokwishapita.

Hajaja. Mtoto ameniambia kwamba akija atamfungulia, na sijamuuliza atamwambia nini. Hilo ni lake.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhi na ulimi wa unayemuamini, na amhifadhi anayekuamini na ulimi wako. Akupe rafiki ambaye ukifa utamuachia mwili wako na habari zako bila hofu, na akujaalie uwe rafiki wa namna hiyo kwa mtu. Awasitiri watoto wako kwa sitara isiyochanika, na nyumba yako isikose mtu wa kukufungulia mlango siku utakapokuja kuomba radhi. Amina.